Kiti chenye Dirisha

Tangu auze nyumba yake na kuhamia kwa binti yake, mama alikuwa akikaa ukingoni mwa kochi kama mgeni anayetaka kuaga. Binti, seremala aliyesomea usanifu wa majengo, aliamini kwamba nyumba si kuta, bali ni ile nafasi inayokumbatiwa na kuta. Akamtengenezea mama kiti chenye mbavu ndefu za mbao, paa dogo, na kidirisha usawa wa shavu.

Mama akaingia, akaegemea. Mwanga wa asubuhi ukamtiririkia usoni, sebule nzima ikawa kama inaelea. Baada ya muda, binti akagonga ubavu mmoja wa kiti.

“Hodi, mama?”

“Karibu, mwanangu,” mama akajibu kutoka ndani, sauti nzito kwa usingizi. “Ila vua viatu, nimeshadeki.”