Taji la Tamsin

“Sanduku la kioo, Mervyn? Kwani ni kipepeo huyo?”

“Hilary, usinigeuzie maneno. Nimesema taji litatunzwa.”

Mervyn Pargeter, mzee wa kanisa letu, alikuwa ameegemea ngazi. Juu yetu, kwenye boriti, lilining’inia taji la binti yangu Tamsin: fito zilizokunjwa, maua ya karatasi nyeupe na glavu za karatasi. Kijijini kwetu msichana akifa kabla ya kuolewa, taji kama hilo hutangulia jeneza lake, kisha hutundikwa kanisani. Halishushwi. Likianguka lenyewe, huzikwa kaburini kwake. Pale juu yapo mengine ambayo hata bibi yangu aliyakuta, yamegeuka rangi ya chai.

Boriti ya Tamsin ilikuwa imeoza.

“Mafundi wako nje,” alisema Mervyn. “Wakimaliza chai wanaanza. Na kwenye kikao ulinyoosha mkono kukubali paa litengenezwe.”

Kweli nilinyoosha. Kanisa lina miaka mia nane, na ibada siku hizi ni mara moja kwa mwezi. Lakini posta iko humo, kando ya birika la ubatizo, na kila Jumanne wazee wanakula humo supu ninayopika mimi. Kanisa likifungwa kwa ubovu wa paa, wataila wapi? Niliwaza supu. Sikuuliza boriti ipi.

“Libaki hapohapo basi. Watengeneze pembeni yake.”

“Mama wee, boriti yenyewe ndiyo inatoka. Na usinihubirie mila. Nani alihamisha kiti cha askofu apate pa kuweka friji?”

“Askofu haji. Maziwa yanakuja kila siku.”

Alicheka kidogo. Nje vikombe viligongana. Chai ilikuwa imekwisha.

“Kwenye kioo haliendi,” nilisema. “Ama linaning’inia, ama linazikwa. Shika ngazi.”

“Halijaanguka lenyewe, Hilary.”

“Tamsin naye hakungoja wakati wake. Shika.”

Nilipanda na mkasi wa jikoni, nikakata kamba. Lilikuwa jepesi mno. Mikono yangu ilikuwa imejiandaa kwa uzito. Glavu moja ilivunjikia kiganjani.

Nilichukua mwiko mkubwa wa supu, nikatoka na taji hadi kaburini, nikapiga magoti na kuchimba. Mervyn alikuja nyuma yangu, akavua kofia. Mafundi walisimama na ngazi zao.

Nililiweka taji, nikalifukia, nikapapasa udongo hadi ukawa sawa.

“Haya, anzeni,” niliwaambia.

Kisha nikaenda kuosha mwiko.