Shemeji Abana Matumizi

Bei ya petroli ilipopanda, watu walikuja kituoni kwetu kunitukana mimi, mshika pampu, utadhani mafuta nayachimba mwenyewe. "Gari naliegesha!" walifoka, huku wakinifungulia kifuniko cha tangi. Wiki nzima sikuona hata mmoja aliyeegesha. Foleni ilikuwa ile ile na vitambi vile vile, ila makelele ndiyo yaliongezeka.

Kinara wao alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Kutoka kwake hadi ofisini kwa miguu, jasho halijakutoka umeshafika, lakini bwana mkubwa hakanyagi vumbi. Aliendelea kujaza tangi kama zamani. "Nimebana matumizi, shemeji," alijigamba. Kweli alibana: alimwondoa dada garini. Eti uzito unakula mafuta! Dada ana mimba ya miezi minane, na kliniki alikuwa akienda kwa miguu.

Asubuhi moja shemeji alikuwa kwenye pampu yangu, dada akatokea barabarani akitoka kliniki, kashika kiuno, miguu imevimba hadi kandambili zinambana. Akaketi juu ya kreti tupu la oili.

"Daktari kanikataza kutembea," alimwambia mumewe. "Nirudishe nyumbani."

Shemeji hata kioo hakukishusha chote. "Nichelewe kazini? Pumzika hapo, kisha uende polepole. Mafuta yamepanda, mke wangu."

Nilimdharau. Nikachomoa bomba kwenye tangi lake. "Sikuuzii."

"We! Utafukuzwa kazi!" Nyuma yake honi zikaanza kulia.

"Mjazie, mdogo wangu," dada akasema kwa uchovu. "Usipoteze kazi kwa ajili ya huyu." Akainuka, akaipungia mkono teksi iliyokuwa imemaliza kujaza mafuta kwenye pampu ya pili. "Nipeleke kwa mama," akamwambia dereva.

"Utarudi lini?" nikamuuliza.

"Nitajifungulia huko. Na mtoto nitamlea huko huko."

Dada yangu akisema neno, amesema. Teksi ikaondoka naye. Shemeji akashuka garini, uso umemsawijika, akaitazama mpaka ikapotea. Nikasubiri. Nilidhani angalau sasa ataniuliza la maana.

"Shemeji," akasema, "hivi teksi mpaka kwa mama yenu wanatoza kiasi gani siku hizi?"