Kitufe cha Kumi

Ensio Karppinen alikuwa na siri moja tu duniani, na aliilinda kuliko wengi wanavyolinda ndoa zao: mahali anapookota uyoga wa manjano. Kule Kainuu, mkoa wa misitu ya kaskazini, hilo halimshangazi mtu. Mtu atakusimulia operesheni yake ya tezi dume bila kuulizwa, lakini ukitaka kujua uyoga wake ameutoa wapi, ataangalia mawingu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya Ensio ilikuwa mkewe, Helvi, ambaye walimzika mwaka juzi mwezi wa tatu, ardhi ikiwa bado ngumu kwa barafu.

Siku ya mazishi, wageni walipomaliza kahawa na keki, binti yao wa pekee, Outi, aliuliza huku akifuta vikombe, "Baba, hivi ule uyoga wa mama ulikuwa unatoka wapi hasa?"

Kwa mazoea tu, kwa ujinga wa miaka arobaini, Ensio akajibu, "Msituni."

Outi akakiweka kikombe mezani taratibu. Kesho yake akarudi Turku, mji wa kusini anakoishi, na tangu hapo hajakanyaga tena. Hupiga simu Krismasi, akauliza afya, akaaga. Ensio akabaki na nyumba. Alikaanga yai moja, akachemsha viazi viwili, akazungumza na redio. Kiti cha pili cha jikoni alikipeleka stoo kwa sababu kilikuwa kikimtazama.

Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata akajiandikisha kwenye mafunzo ya kompyuta kwa wastaafu pale maktaba, na tusidanganyane, alifuata kahawa na sauti za watu. Somo la mwisho lilikuwa kutengeneza mchezo mdogo wa kubahatisha unaofunguka kwenye kivinjari cha intaneti: unabonyeza vitufe, mchezo unakwambia umepata au umekosa. Wenzake waliweka namba. Ensio akaweka majina ya mahali, vitufe tisa, na juu yake akaandika: "Uyoga wa mama unatoka wapi?" Lililomshinda mdomo, alifikiri, mashine italisema.

Mwezi wa saba akamtumia Outi. Jibu lilichukua siku mbili. "Nimebonyeza vyote tisa. Vyote vinasema 'siyo huko'. Nimekuelewa, baba."

Hilo "nimekuelewa" lilimchoma. Akabonyeza mwenyewe, kimoja kimoja. Siyo huko. Siyo huko. Jumanne, siku ya msaada wa kompyuta, akapanda baiskeli kwenda maktaba.

Mezani alikuwa amekaa Tuulikki, msambaza barua mstaafu, aliyewashinda wote darasani hadi maktaba ikamwomba asaidie wengine. Kwa bahati mbaya huyo huyo ndiye bingwa wa uyoga wa wilaya nzima, na kwa miaka thelathini alikuwa akiinyemelea baiskeli ya Ensio.

"Jirani! Umeiua kompyuta?"

"Mchezo unakataa. Kila kitufe kinasema siyo."

Tuulikki akafungua msimbo, yale maandishi ya nyuma yanayouendesha mchezo. Ensio akasogeza bega mbele ya kioo cha kompyuta.

"Toa bega, mzee. Daktari hamtibu mtu aliyevaa koti." Akasoma kwa kidole. "Hapa mchezo unakilinganisha kitufe na jibu. Na jibu... mbona pako wazi? Umefungua alama, umefunga, katikati hamna kitu."

"Nilisahau."

"Wewe? Hukusahau."

Kweli hakusahau. Mwalimu alikuwa amesema kwamba yeyote anayeufungua ukurasa anaweza kuchungulia nyuma akaliona jibu, na siku ile Tuulikki alikuwa amekaa kushoto kwake na shingo yake ndefu. Basi Ensio akaacha pengo, akajiambia atalijaza nyumbani.

"Mficha uchi hazai, Ensio. Mashine haiwezi kukubali jibu ambalo hujaiambia. Haya, kipi kati ya hivi tisa?"

Masikio yakamwaka moto. "Hamna."

"Hamna nini?"

"Penyewe hapamo. Mkono ulikataa."

Tuulikki akavua miwani. Alianza kucheka, akaacha. "Mwanao wa pekee umempa vitufe tisa, vyote vya uongo?"

Ensio akaangalia dari.

"Basi ongeza cha kumi. Mimi natazama dirishani."

Akageuka. Nje palikuwa na maegesho ya magari na mbwa aliyefungwa kwenye nguzo. Ensio akautazama mgongo ule wenye sweta la kufuma, mgongo aliokuwa akiukwepa nusu ya maisha yake, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Alipomaliza na kujaribu, vitufe vyote vikatoweka. Akafuta, akaandika tena. Ukurasa ukabaki mweupe. Mara ya tatu ikawa vilevile.

"Tuulikki. Vimepotea vyote."

"Nigeuke?"

Ensio akaufunika ukurasa kwa kiganja, kisha akakiondoa.

"Geuka."

Akageuka, akasoma: "Nyuma ya jukwaa la maziwa." Ni lile jukwaa bovu la mbao ambapo zamani wakulima waliacha makopo ya maziwa yachukuliwe na lori, hatua kumi kutoka barabarani.

"Pale? Pale pale? Nimepita pale na barua miaka thelathini na mmoja!"

"Najua. Nikisikia gari lako nilikuwa nalala chini."

"Na baiskeli uliyokuwa unaiacha kule kwenye kinu cha nafaka?"

"Ya kukupoteza."

Tuulikki akacheka hadi mkutubi akakohoa. Akafuta machozi, akaweka alama moja ya kufunga iliyosahaulika, na vitufe vikarudi, safari hii kumi. Akabonyeza cha mwisho. Mchezo ukaandika: "Ndiyo, mwanangu. Ni hapo." Kicheko kikamwisha.

"Nikikanyaga pale, mguu wangu ukauke," akasema polepole.

"Usiape, Tuulikki. Hutaweza."

Ensio akamtumia Outi mchezo upya. Jioni, viazi vikiwa jikoni, jibu lake likaja. "Najua, baba. Mama alinipeleka nikiwa na miaka saba, akaniapisha nisikwambie. Siku ya mazishi sikuwa nauliza ni wapi. Nilitaka uniambie wewe." Kisha la pili: "Likizo sina hadi mwisho wa mwezi wa tisa. Niwekee."

Ensio alisoma amesimama. Aliona haya, akamkasirikia Helvi kidogo, kisha akamkumbuka kupita kiasi. Viazi vikaungua. Akaenda stoo, akakitoa kiti, akakifuta vumbi.

Mwezi wa nane mvua ilinyesha vizuri. Ensio akaiegemeza baiskeli kwenye jukwaa lenyewe, mchana kweupe, akaingia nyuma. Uyoga ulikuwa umejaa, manjano mpaka kwenye mizizi ya misonobari. Akakata nusu kwa kisu cha Helvi, akaiacha nusu nyingine imesimama.

Njiani akakutana na Tuulikki, naye kama kawaida akachungulia ndoo.

"Nusu ndoo tu? Msitu umekunyima?"

"Nyingine ni ya Outi. Anakuja mwisho wa mwezi wa tisa."

"Mwisho wa mwezi wa tisa utakuwa umeoza wote, mzee."

"Najua. Lakini amesema nimwekee," akasema Ensio, akapanda baiskeli.