Bakshishi Aliyoikataa Lifti

Hoteli ilikuwa na ghorofa tatu na ngazi sitini na nane, na haikuwa na lifti. Kwa hiyo Lifti lilikuwa jina la mtu. Alikuwa mbeba mizigo wa miaka hamsini na minne, mwenye mabega mapana na sare ya rangi ya damu ya mzee iliyoanza kumbana tumboni. Mgeni akiuliza mapokezi kama kuna lifti, aliambiwa ipo, asubiri kidogo, na Lifti akatokea anatabasamu. Wageni wenye huruma waliyatazama mabegi yao wakaona haya. Wasio na huruma walienda kuchukua na lile lililobaki kwenye gari.

Mshahara wake ulikuwa wa kunawia mikono tu. Kula kulitoka kwenye bakshishi. Hilo halikuwa siri. Bawabu, wapishi, watandika vitanda, wote waliishi hivyo hivyo, na meneja alilijua vizuri, ndiyo maana mshahara haukuwahi kumnyima usingizi.

Siri ilikuwa goti. Goti la kulia lilianza kumsaliti miaka miwili nyuma, na Lifti akajikaza kisabuni. Alikuwa na sababu. Mbeba mizigo aliyemtangulia alionekana siku moja ameng'ang'ania reli ya ngazi kwa mikono miwili, na mwisho wa mwezi akapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Lifti alikuwepo. Ndiye aliyembebea ile saa mpaka getini.

Kwa hiyo hakumwambia mtu. Hakumwambia daktari, na zaidi ya wote hakumwambia mkewe, kwa sababu mdogo wa mkewe, yaani shemeji yake, alikuwa mtandika vitanda wa ghorofa ya tatu, na wale dada wawili Lifti aliwahesabu kuwa ni mdomo mmoja. Kumwambia mkewe jioni ilikuwa ni sawa na kumwambia meneja asubuhi. Harufu ya dawa ya kuchua aliyotoka nayo kazini alisema ni mafuta wanayojipaka wageni. Mkewe akasema maskini, wageni wa siku hizi wote wanaumwa.

Kilichomwokoa ni dirisha. Lilikuwa kwenye ghorofa ya pili, pale ngazi zinapokata kona, na ndipo goti lilipokuwa linagoma. Lifti alikuwa anatua mabegi, ananyoosha mkono na kusema, "Karibu utazame mandhari." Mandhari yenyewe yalikuwa matangi manne ya maji na kamba za nguo za jirani. Kwa kuwa mtu hawezi kutazama matangi kimya kwa dakika tatu, ilimbidi ayatungie habari. Lile la kushoto lilikuwa kongwe kuliko yote mtaani. Lile lenye kutu liliwahi kupigwa na radi mara mbili, na maji yake hayajaisha tangu siku hiyo. Wageni walipiga picha. Baadaye meneja, aliposikia wageni wanalisifia, alilitia dirisha hilo kwenye kipeperushi cha hoteli.

Siku moja akaja bibi mgeni, amesafiri peke yake, ana sanduku ambalo ungedhani kabeba na ukuta wa nyumba yake. Lifti alilipandisha mpaka dirishani, akalitua, akaanza habari za radi. Bibi hakuyatazama matangi. Alilitazama goti, kisha akamtazama Lifti usoni, akainama na kushika mpini wa upande wa pili. Wakalipandisha hivyo mpaka ghorofa ya tatu, kama watu wawili wanaohamisha kabati.

Chumbani, bibi akatoa noti. Ilikuwa noti kubwa, ya kula wiki. Lifti akaweka mkono kifuani akasema, "Hapana, mama. Asante." Bibi akasogeza noti, Lifti akarudi nyuma hatua moja. Bibi akasogeza tena, Lifti akajikuta yuko nje koridoni.

Hakukataa kwa sababu ya ucha Mungu. Wabeba mizigo wana sheria yao, na Lifti alifundishwa na yule mzee wa saa ya ukutani kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo: mzigo wa wawili hauna bakshishi. Mgeni akikushikia upande, umebeba naye, hukumbebea. Ukipokea hela yake umemwibia. Basi. Lifti alishuka ngazi akiwa na njaa na adabu zake, akadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Mwezi uliofuata bibi aliandika barua kutoka kwao, kurasa mbili, na meneja akaisoma kwenye mkutano wa asubuhi nyuma ya jiko. Meneja alikuwa kijana mwenye shati jeupe na sauti ya kusomea barua. Lifti alisimama anasubiri neno goti lije. Lakini bibi alikuwa mtu wa heshima. Aliandika tu kwamba walipanda pamoja wakizungumza, na kwamba amezunguka nchi kumi na tisa na hajaona mtu anayefanya kazi kwa moyo mweupe bila kutazama mfuko wa mgeni. Neno goti halikuwemo.

Watu wakapiga makofi. Bawabu akasema, "Mgema akisifiwa," halafu akanyamaza, maana anayeijua methali hiyo hahitaji kumaliziwa.

Aliyelitia tembo maji alikuwa meneja. Siku ya tatu lilitoka tangazo, kwa lugha tatu, limefunikwa plastiki, likabandikwa mapokezi na kwenye kila chumba: *Wahudumu wetu hawapokei bakshishi. Wanakuhudumia kwa moyo. Tafadhali usiwavunjie heshima.* Juu yake ilikuwa picha ya Lifti, amefumba macho, maana mpiga picha alibonyeza mara moja tu.

Wageni walilipokea tangazo hilo kwa furaha isiyofichika. Mmoja, aliyekuwa ameshatoa noti, aliirudisha mfukoni, akampa mtandika kitanda mkono na kuutikisa kwa heshima kubwa. Mwingine aliacha juu ya mto karatasi ya kusema angependa kuacha kitu ila hataki kumtusi mtu. Shemeji yake Lifti aliokota karatasi hiyo, akaisoma mbele na nyuma, akaitumia kuzibia dirisha linalogonga.

Hotelini hakuna aliyemtukana Lifti. Walimwita Mtakatifu. Chai ya saa nne ikawa inamfikia haina sukari, na akiuliza anaambiwa sukari ni tamaa ya dunia. Bawabu, ambaye zamani alimsaidia kushusha mabegi garini, sasa alisimama wima akimtazama anavyohangaika, akasema hataki kuingilia thawabu za mtu. Na Lifti mwenyewe ndiye aliyeumia kuliko wote, maana hata yeye hakupata senti, ila angemwambia nani? Picha ni yake.

Wiki ya tatu shemeji akamkuta kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Shemeji, mimi na wewe tumekula sahani moja miaka yote. Niambie ukweli. Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hapo ndipo unaponitisha. Mtu asiyetaka kitu ni hatari." Akakaa juu ya mashuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wanangu sasa wanaenda shule kwa miguu, na kurudi kwa miguu. Viatu vimeisha kabla ya muhula. Nenda kamwambie yule kijana atoe lile libango lake. Wewe atakusikiliza."

"Nitamwambia."

"Usiponiambia umemwambia, mimi mwisho wa mwezi huu naenda kufua nguo za watu. Na dada nitamweleza ni nani kanifikisha hapo."

Lifti akaenda. Kwanza alijaribu uongo, maana njia ya mwongo ni fupi, na yeye na goti lake walipenda njia fupi. Alimwambia meneja kwamba siku ile alikataa kwa sababu noti ilikuwa ndogo.

Meneja akatabasamu. "Mzee wangu, unyenyekevu wako unazidi kiasi. Unajichafua ili usisifiwe."

Kesho yake akarudi akasema yeye ni mtu mwenye tamaa sana, aulizwe yeyote. Meneja akaandika kitu kwenye daftari, akasema maneno hayo angeyatumia kwenye mafunzo ya wafanyakazi wapya. Lifti akatoka. Kila uongo aliopeleka ulirudi na cheo.

Siku ya tatu akapanda hadi ofisini, iliyokuwa ghorofa ya pili karibu na lile dirisha, akasimama mlangoni mpaka pumzi ilipomrudia. Alifikiria saa ya ukutani. Alifikiria sare, na jinsi wanawe walivyokua kwa ngazi zile zile sitini na nane. Alikuwa na hofu kweli kweli. Halafu akaingia akasema yote: goti, bibi, mpini wa upande wa pili, sheria ya wabeba mizigo.

Meneja hakuandika kitu safari hii.

"Kwa hiyo alikusaidia kubeba."

"Kuanzia hapo dirishani. Huku chini nilibeba mwenyewe."

"Na dirisha?"

"La goti."

"Na radi?"

"Hakuna radi, bosi."

Meneja akafungua droo, akatoa kipeperushi cha hoteli, akakitazama muda mrefu, akakirudisha. Alisema tangazo litaondolewa leo, kwa sababu hoteli haiwezi kusimama juu ya jambo ambalo halikutokea. Kisha akasema kwamba hoteli pia haiwezi kuwa na mbeba mizigo wa goti moja, na kwamba mwisho wa mwezi watamuaga vizuri. Aliyasema yote mawili kwa sauti ile ile, bila ubaya, kama mtu anayekuambia leo kuna samaki na kesho kuku. Lifti akashukuru. Baadaye alijiuliza alikuwa anashukuru nini.

Adhuhuri mabango yakabanduliwa. Shemeji alikuwa anabandua la ghorofa ya tatu aliposikia sababu yake. Akasema "Eti nini?" mara mbili, akatafuta pa kukaa. Zamu yake iliisha saa nane. Ya Lifti iliisha saa kumi na moja. Wote waliokuwa pale hotelini walijua tofauti ya saa hizo tatu ina maana gani, na bawabu, alipomfungulia Lifti geti jioni, alivua kofia akasema, "Pole kaka. Kwa yote." Kisha akaongeza, "Na kwa nyumbani pia."

Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Kwa kawaida Lifti alianza kusikia cherehani akiwa bado yuko kona ya duka. Siku hiyo hakusikia kitu. Aliingia akamkuta amekaa nyuma ya cherehani, mikono ameiweka juu ya kitambaa, hashoni.

"Meneja hajambo?" mkewe akauliza.

"Hajambo."

"Nasikia mmeongea."

"Tumeongea."

"Nasikia umemweleza vizuri, tangu lilipoanza mpaka lilipofika."

Lifti akajishusha kwenye kiti. "Nimeachishwa, mama watoto. Mwisho wa mwezi."

"Hilo nimeshalisikia. Kazi tutatafuta, na isipopatikana nitashona mpaka na pazia za msikiti na za kanisa. Mimi nauliza habari za goti."

Lifti akauvuta mguu wa kulia chini ya kiti.

"Miaka miwili," mkewe akasema. Hakupaza sauti, na Lifti angependa apaze. "Miaka miwili unatoka kitandani kama mtu anayevuka mtaro, na mimi nageukia ukutani ili usijue nimeona. Nikasema ataniambia mwisho wa wiki. Nikasema ataniambia mwaka ukiisha. Sikumwambia hata mdogo wangu, maana nilisema ni lako, utalisema mwenyewe ukiwa tayari. Leo mdogo wangu ndiye anakuja kunipa pole, eti goti la mume wangu limesemwa ofisini."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Alimhesabu mkewe kuwa mdomo, na mdomo huo ulikuwa umefungwa muda wote huo kwa ajili yake. Mbele ya meneja hakuona aibu. Sasa aliiona, ikampanda mpaka masikioni.

"Yule bibi mgeni alikaa siku ngapi?" mkewe akauliza.

"Nne."

"Siku nne, akapata upande wa kushika. Mimi nina miaka ishirini na sita humu ndani." Akafuta macho kwa kile kitambaa cha mteja, akakiona alichofanya, akakiweka pembeni. Halafu akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe. "Kunja suruali nilione."

Lifti akakunja suruali. Mkewe akaliangalia goti kwa muda, akaweka kiganja juu yake taratibu.

"Linauma?"

Kwa mazoea ya miaka miwili mdomo wake ulikuwa umeshaanza kusema hapana.

"Linauma," Lifti akasema. "Linauma sana, mke wangu." Akaanza kulia, na mkewe akamwacha alie, kiganja chake hakukiondoa.