Jicho la Kushoto la Kalinga

Saa moja kasorobo asubuhi Filemoni alipanda dungu lake pembeni mwa shamba la mpunga, nje kidogo ya Rujewa, akaweka chupa ya chai miguuni na kumwaga gololi za udongo kwenye kopo. Hakutumia kokoto, kwa sababu kokoto hubaki shambani na wenye mashine za kukoboa hulalamika. Gololi alizifinyanga mwenyewe na kuzianika juani siku tatu. Manati yake ilikuwa ya panda ya mpera, mipira miwili ya tyubu ya baiskeli na kipande cha ngozi ya kiatu. Alivuta mpaka kidole gumba kikagusa shavu, akafumba jicho la kulia, akashusha pumzi nusu, akaachia. Kweleakwelea mmoja alidondoka na kundi zima likahamia shamba la jirani.

Baada ya dakika mbili simu iliita. Alikuwa shemeji yake, Kalinga, kutoka Kilolo.

"Shemeji, leo umeshusha kiwiko," Kalinga alisema. "Umempata kwa bahati tu."

"Kiwiko kinauma. Baridi hii."

"Nimeona umande. Na mpunga umeanza kuinamisha vichwa."

"Wiki mbili hizi tunavuna."

Kalinga alikuwa na miaka kumi na moja haoni kwa jicho la kushoto. Lilikuwa jeupe, limesinyaa. Lakini kila Filemoni alipovuta manati, jicho lile liliona kile alichokilenga, kwa muda uleule mpira ulipokuwa umevutwa, na mpira ukiachiwa giza lilirudi. Hali hiyo ilianza mwaka wa pili baada ya ajali iliyolipofua. Daktari wa macho alimwandikia matone na kumshauri asilichoshe.

Siku ya ajali walikuwa watatu, vichakani Kilolo, wakiwinda kanga: Kalinga, Filemoni, na Aroni, ambaye alikuwa mchumba wa Lea, dada yake Kalinga. Kanga aliruka, Filemoni na Aroni wakaachia kwa pamoja, na upande wa pili wa kichaka Kalinga akainuka, jiwe moja likampata jichoni. Filemoni alisikia jiwe la Aroni likigonga shina la mti. Alilisikia vizuri kabisa. Kwenye kikao cha ukoo Aroni alisimama akasema labda jiwe ni lake, hana uhakika. Watu wakamgeukia Filemoni. Filemoni akatazama mikono yake. Uchumba ukavunjwa, Aroni akahama, na baada ya miaka miwili Filemoni alimuoa Lea katika kanisa lilelile ambako ndoa ya Aroni ilikuwa imeshatangazwa mara mbili.

Msimu mmoja alijaribu kuacha manati, akawa anafukuza ndege kwa kugonga debe. Kalinga alipiga simu siku ya nne. "Huku giza, shemeji," alisema, na Filemoni akairudia manati siku hiyohiyo. Alilenga vizuri kuliko zamani. Hakuna mtu Rujewa aliyemzidi, na kila aliposifiwa aligeuza mazungumzo.

Alhamisi ya wiki hiyo hakulenga ndege. Maneno yalikuwa yamemshinda kwa miaka yote, kwa hiyo alichukua kioo cha Lea, akakitundika kwenye mti wa dungu, akasimama hatua sita na kuvuta manati akijilenga usoni. Alihesabu mpaka ishirini ndipo akaulegeza mpira.

Simu haikuita mpaka saa nne.

"Nimekuona," Kalinga alisema. "Umeota mvi kidevuni."

"Ni mimi, shemeji. Siku ile ni mimi."

"Najua. Kitu cha mwisho jicho hili lilichoona ni mtu aliyefumba jicho moja nyuma ya panda. Aroni hulenga macho yote wazi."

Filemoni alikaa chini. Ndege walitua mpungani, hakuwaangalia.

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Halafu Lea akakuzoea. Halafu nikaanza kuona."

"Na Aroni?"

"Yuko Mbeya, pale Iyunga, anauza vipuri vya pikipiki. Kila mwaka, tarehe ile, ananipigia kuniomba radhi. Namwambia yameisha."

"Nipe namba yake."

Kalinga alikohoa. "Ukimwambia yeye, Lea atajua. Lea akijua atarudi huku nyumbani, na wewe hutashika tena manati. Nakufahamu. Mimi hili jicho jingine nalo linafifia, shemeji. Nabaki na nini? Achana na hayo. Kesho lenga kule milimani, uvute muda mrefu. Nataka kuona kama ukungu umeshuka."

"Sawa," Filemoni alisema. Neno lilitoka kwa wepesi uliomtia aibu. Iyunga haikuwa mbali, na duka la vipuri halifichiki. Hakwenda.

Kesho yake alisimama kwenye tuta la shamba akailenga milima. Lea alikuja na bakuli la viazi vitamu, akamkuta mikono imeanza kutetemeka.

"Unalenga nini huachii?"

"Kaka yako anaangalia milima."

"Yupo sasa hivi?"

"Yupo."

Lea aliweka bakuli chini, akafunga kitenge vizuri, akapita akasimama mbele ya manati, hatua nne.

"Kamwene, kaka," alisalimia. Akageuka taratibu, upande mmoja, kisha wa pili, ili kaka yake aone alivyonenepa. Filemoni alikuwa na gololi kwenye ngozi, kidole gumba shavuni, jicho la kulia amelifumba.

"Usiachie," Lea alimwambia. "Hajaniona vizuri."