Mwizi wa Sahani ya Marehemu

Lennox Enoe alifika kisiwa cha Carriacou na ushahidi wa aina mbili: pua ya baba yake na picha moja iliyofifia. Katika ofisi ya uraia mjini Hillsborough wala havikumfaa. Kimbunga kilikuwa kimeondoka na paa la kanisa pamoja na vitabu vya ubatizo, na karani alitaka ndugu wa damu wa karibu aje aape kwamba marehemu Canute Enoe alizaliwa kijijini L'Esterre na kwamba huyu ni mwanawe. Bila kiapo hakuna uraia, na ruhusa yake ya kukaa ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Naye alikwishapanda mahindi na mbaazi kwenye kiwanja cha bibi yake, alikwishazoea kuitwa Mwingereza na kila mlevi wa kijiji, na baridi ya Huddersfield, Uingereza, hakuitaka tena hata ndotoni.

Ndugu wa karibu hivyo alibaki mmoja tu, Shangazi Ianthe, dada wa baba yake, kikongwe mwenye jino moja na ulimi wa wanawake kumi.

"Niape?" alisema kila alipoombwa. "Canute aliniaga kwamba anarudi Krismasi. Krismasi ipi hiyo, mpaka mama tukamzika hajatokea? Leo mnaniletea pua! Pua hata mbuzi wanafanana."

"Shangazi, baba alikuwa akikutaja kila siku."

"Alinitaja wapi? Mbona mimi sikusikia?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Lennox akaamua kuinama mpaka chini. Jumamosi ile ukoo ulikuwa unasimamisha jiwe kwenye kaburi la bibi. Katika karamu ya jiwe, marehemu ndio hula kwanza. Ngoma hupigwa uani, ramu humwagwa ardhini, na chumbani hutandikwa meza ya kitambaa cheupe yenye sahani iliyosheheni ugali wa kuviringisha, wali, nyama ya mbuzi na kuku. Mlango hufungwa, na ole wake aliye hai atakayegusa kabla wao hawajashiba.

Hayo Lennox aliyajua, kwa sababu baba yake alikuwa na hadithi moja tu ya utotoni, na kila akiisimulia alicheka mpaka akakohoa. Katika karamu kama hiyo aliingia kwa dirisha, akala paja la kuku la marehemu, akachapwa bakora na mama yake mbele ya ukoo mzima. Basi hesabu ya Lennox ilikuwa nyepesi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Shangazi akimkuta na paja mkononi atamwona kaka yake, moyo utalainika, na Jumatatu wataenda kuapa.

Ngoma zilipokolea, akapanda dirisha. Akakwama kiunoni, maana Huddersfield ilimlisha vizuri, akajivuta mpaka akaangukia ndani kama gunia. Alipong'ata paja mara ya pili, mlango ukafunguka. Shangazi Ianthe alikuwa amekuja kuongeza ramu kwenye bilauri ya mama yake.

"Mlaanifu wewe!"

"Nimefanya kama baba," alisema Lennox, mafuta yakimchirizika kidevuni. "Naye alikula paja. Kupitia dirisha hili hili."

Shangazi akaiweka chupa mezani taratibu.

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Alikwambia kala yeye?"

"Ndiyo. Akachapwa."

"Hata wewe, mwanawe, hakukwambia ukweli? Hata huko mbali, ambako hakuna wa kumsikia?" Akaketi kwenye kiti cha marehemu, jambo ambalo halifanywi. "Nilikula mimi, Lennox. Nilikuwa na miaka saba. Mama alipouliza, Canute akanyoosha mkono kwamba ni yeye. Alichapwa akashindwa kukaa, kisha akaniapia kwamba hatamwambia mtu."

Machozi yakamtoka, na hakujali kuyafuta. "Miaka yote hii namtukana kwamba hana ahadi. Kumbe ahadi yangu kafa nayo."

Nje ngoma zilikuwa zimenyamaza. Kelele za laana zilikuwa zimefika uani, na sasa ukoo mzima ulijazana mlangoni, mbele yao Theophilus, mpiga ngoma mkuu. Akaiona sahani imechokonolewa.

"Nani kala chakula cha wazee?"

Lennox alifungua mdomo. Shangazi akamkanyaga mguu kwa nguvu ambazo hakumdhania, akampokonya paja, akalipachika kwenye jino lake moja.

"Mimi," akasema. "Nimekula mimi. Haya, leteni bakora, nichapeni."

Watu walitazamana. Theophilus akakumbuka kwamba hakuna mtu pale anayemzidi Ianthe umri, na wala hakuna anayemweza kwa matusi. Akarudi kwenye ngoma yake.

Jumatatu wakaenda Hillsborough, Shangazi amevaa kofia ya kanisani. Aliapa bila kusita. Karani, akitaka kuwa na hakika, akamuuliza amejuaje kwamba huyu ni mtoto wa Canute.

Shangazi Ianthe akamgeukia karani kwa hasira.

"Kwani wewe ni kipofu? Huioni hiyo pua?"