Ada Hajaruhusiwa Kukaa

Jumapili asubuhi Muriel Tapscott alikata tiketi ya wazee kwenye jumba la kale la Thornlease, ambalo sasa ni makumbusho, akapita jikoni penye masufuria ya shaba, akamkuta mama yake chumba cha kulia anafuta vumbi. Mama huyo, Ada, alikufa mwaka ule Muriel alipoolewa, ila kazi yake ya utumishi humo jumbani hakuiacha. Sasa binti alikuwa mzee kuliko mama, na magoti yaliwauma wote wawili.

"Mama, nimekuja kukuchukua twende nyumbani."

"Sijaruhusiwa, mwanangu."

"Basi kaa kidogo upumzike."

Viti vilikuwa tele, na juu ya kila kimoja pamewekwa tunda la msonobari. Waingereza wana adabu ya kuudhi, jamani. Hawakwambii usikae. Wanakuwekea tunda lenye magamba makali, ukilikalia shauri yako. Muriel akatoa moja. Bwana Aubrey, mstaafu anayejitolea kulinda chumba, akalirudisha huku anatabasamu.

"Samahani, bibie. Viti hivi vimechoka."

"Na mama yangu je?"

"Wageni wanampenda mno. Juzi watoto wa shule walimchora."

"Miguu imemvimba. Huoni?"

"Naona. Kamati imelijadili hilo. Wameahidi zulia laini zaidi."

Muriel akapandwa na hasira. Akalitoa tunda tena, safari hii akalitia mfukoni, akamshika mama mabega amkalishe kwa nguvu. Ada akajikaza kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

"Niache, wewe. Bibi mkubwa akinikuta?"

Bibi mkubwa, mwenye jumba, alikuwa kaburini siku nyingi, tena amelala fofofo. Wafu wa ghorofani hupumzika. Wa jikoni ndio wanaopigiwa kengele waje kutumika.

Na kengele ikalia. Ada akainua ndoo ya makaa ya kuwashia moto vyumbani, akaanza kupanda ngazi anahema. Muriel alibaki chini, roho inamuuma. Alikuwa amemwapia mumewe kwamba leo harudi bila mama. Lakini kumtazama anapanda vile, hapana, hakuweza. Akamfuata, akampokea ndoo. Wageni wakawapisha kwa heshima, mmoja akawapiga picha.

Bwana Aubrey akafungua kabati la sare za watumishi.

"Bibie," akaita kwa upole, "aproni unavaa saizi gani?"

"Kubwa," Muriel akajibu kwa hasira bila kugeuka, maana ndoo ilikuwa nzito na ngazi zilikuwa bado nyingi.